Kura ya Haji Mitwalli

Mama Tharwat alikuwa jikoni akichambua maharage pale mumewe, Haji Mitwalli, alipoingia kutoka makaburini. Haji alikuwa amekufa miaka saba iliyopita. Udongo ulimdondoka kwenye sanda.

"Baba Tharwat, nimetoka kupiga deki sasa hivi!"

"Viatu vyangu viko wapi?"

"Nilivitoa sadaka. Ulitaka nikuwekee?"

Akavaa makubazi ya mwanawe. Tharwat alikuwa amekipigia kampeni chama cha watu wa msikitini, kikashinda kihalali, jeshi likakipindua, naye akakamatwa akitoka kuswali. Mama yake hakumtia machoni tena. Leo majenerali walitaka katiba yao ipigiwe kura.

"Kila uchaguzi wananipigia Ndiyo nimelala," Haji alisema. "Ya leo naipiga mwenyewe. Hapana yangu wataiona."

Kwenye shule ya msingi ya kijiji chao, Kafr Zaytun, foleni ilimpisha mbele kwa heshima ya umri. "Wafu wa safari hii wanakuja kwa miguu," jirani mmoja alitania. Karani akatazama daftari, akasema Haji alishapiga kura asubuhi.

"Nani kanipigia?"

"Haji, usinitie matatani. Nina watoto."

Kapteni aliyelinda mlango akaja, mpole, akamvutia kiti. "Mpe karatasi nyingine. Haji, Tharwat tunaye sisi. Weka Ndiyo, leo hii tunakurudishia."

Haji aliishika kalamu muda mrefu. Aliona haya na hasira. Kufa hakukumuuma kiasi kile. Akaweka Ndiyo, akachovya kidole kwenye wino, akarudi makaburini moja kwa moja bila kupita nyumbani.

Habari za ahadi ya kapteni zilimfikia Mama Tharwat, akakaa mlangoni kumsubiri mwanawe. Magharibi lori la jeshi likapita bila kusimama, likashika njia ya makaburini. Akalikimbilia pekupeku. Alipofika lilikuwa limeshaondoka, na kaburi la familia lilikuwa wazi.

"Amekufa tangu Jumanne," Haji alisema kutoka ndani. "Hawakumzika, ndiyo maana hatukuonana. Wamemleta hivi hivi, hajaoshwa. Nimemgawia sanda yangu, haitutoshi."

"Anasemaje?"

"Haongei bado. Lete maji na shuka."

Mama Tharwat akarudi nyumbani akilia. Alipita mbele ya mkahawa, redio ikitangaza kwamba Ndiyo imeshinda, akaenda kujaza ndoo.