Siku Ambayo Ndege Ilipaswa Kufika

Karakana nzima walimwita Ripoti, na jina hilo alilitolea jasho mwenyewe. Gurudumu la ndege likipasuka na mafundi wakaanza kubishana kosa ni la nani, yeye hufuta mikono kwa tambara na kusema, tusubiri ripoti. Rubani akitua vibaya, tusubiri ripoti. Siku moja chai ya kantini ilikuja na chumvi badala ya sukari, fundi umeme akatangaza kwamba mtu asimguse mpishi mpaka ripoti itoke. Walicheka wakashika mbavu, naye akacheka nao. Miaka ishirini na miwili ya ufundi wa ndege ilikuwa imemfundisha kwamba anayeropoka kabla ya uchunguzi huja kuyameza maneno yake.

Sasa mtu wa namna hiyo, shemeji yake alipokufa kwenye ndege, mlitaka aseme nini?

Ilikuwa ndege ndogo ya kampuni ile ile iliyomwajiri Ripoti, safari ya kuvuka mpaka, mwendo wa saa moja na nusu. Injini ilizima wakati wa kutua, ndege ikaangukia shambani, hatua chache kabla ya uwanja. Abiria kumi na mmoja walitoka na majeraha. Mmoja hakutoka, na huyo ndiye alikuwa mume wa mdogo wake. Hata arobaini haijafika, mdogo mtu alishapata wakili, karatasi za madai zikaandikwa, ikabaki sahihi yake tu zipelekwe mahakamani. Akamwomba kaka yake ushauri, maana katika ukoo wao ni yeye peke yake aliyejua mambo ya ndege. Ripoti akamwambia asiende mahakamani mikono mitupu. Uchunguzi unafanyika, ukiisha utasema wazi kosa ni la nani, na hapo kampuni haitakuwa na pa kujificha. Subira huvuta heri, alimwambia. Jambo ambalo hakumwambia ni kwamba asubuhi ile meneja alikuwa amemwita ofisini, akamkalisha kwenye kiti cha wageni, akamsifu kwa utulivu wake.

Mwaka ukakatika. Mdogo wake akauliza, akaambiwa bado. Wa pili nao ukaanza kuyoyoma. Kampuni ilikuwa na adabu ya ajabu. Kila baada ya miezi michache ilileta barua ya pole, ikisema na wao wanaisubiri ripoti kwa hamu. Ngojangoja huumiza matumbo, jamani, na hilo hata mtoto analijua. Wenye vyeti ndio husahau.

Ndipo kampuni ikaamua kila idara itoe mtu mmoja akasome sheria ya usafiri wa anga, Jumamosi asubuhi, miezi minne. Si kwamba wawe mawakili, la, bali wasije wakaandika upuuzi kwenye fomu. Karakana ikamtoa Ripoti. Alikaa kati ya karani wa mizigo na rubani mstaafu aliyekuwa akisinzia tangu ukurasa wa kwanza. Mwalimu alikuwa wakili, mama mfupi mwenye sauti ya chini. Mwanzoni sheria ilimtoa kijasho, sentensi moja ina mistari tisa na bado haijafika kwenye kitenzi. Lakini alikuwa amezoea mabuku ya injini. Akanunua kalamu nyekundu, akaivamia sheria kama anavyofungua injini, kipande kwa kipande, na akaanza hata kuipenda.

Jumamosi ya tisa alifika darasani na bahasha kubwa ndani ya mkoba. Ripoti ilikuwa imetoka, kurasa sabini na moja, naye alikuwa ameisoma yote bila kuinuka. Ukurasa wa arobaini na nane ulisema pampu ya mafuta ilishapitisha muda wake wa kubadilishwa, na kampuni ilijua. Peupe kabisa. Alipanga darasa likiisha aende moja kwa moja kwa mdogo wake, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa na furaha.

Somo la siku hiyo lilikuwa muda wa kufungua kesi. Mwalimu alisoma polepole ili waandike: haki ya abiria au ya familia yake kudai fidia hufa miaka miwili ikitimia, ikihesabiwa tangu siku ndege ilipofika, au siku ambayo ilipaswa kufika.

Ripoti alihesabu pembeni mwa daftari. Miaka miwili na siku kumi na tisa. Akahesabu upya. Akanyoosha mkono, akauliza, na kama uchunguzi haujaisha je? Mwalimu akajibu kwamba saa ya mahakama haimsubiri mchunguzi. Tena ripoti ya ajali haiandikwi ili kumlaumu mtu, na yenyewe husema hivyo ukurasa wa kwanza. Ripoti akachungulia bahashani. Maneno yalikuwa pale, ndani ya kisanduku. Alikuwa ameyapita miaka yote ya ufundi wake kama mtu anavyopita kibao cha usivute sigara.

Darasa lilipotoka alibaki, akamweleza mwalimu yote. Mwalimu aliuliza kama kuna chochote kilichopokelewa mahakamani. Hakuna. Akasema ataangalia, lakini asimpe mtu matumaini.

Mdogo wake alikuwa akipiga pasi. Alipoiona bahasha aliizima pasi, akamkumbatia kaka yake, akaenda kabatini kuleta zile karatasi za wakili. Zilikuwa zimekunjwa vizuri, hazina hata vumbi. Akauliza kalamu iko wapi. Ripoti angeweza kunyamaza na kumwachia wakili mzigo huo. Alipiga moyo konde, akasema yote, hata zile siku kumi na tisa.

Mdogo wake alikaa.

"Kaka, mimi nilikuwa tayari tangu mwezi ule," alisema. "Ulikuwa unanitakia heri, au ulikuwa unalinda kazi yako?"

Hapakuwa na uchunguzi wa kusubiri. Jibu alikuwa nalo.

"Vyote viwili."

Mdogo wake hakulia. Aliitoa ripoti kwenye bahasha, akaanza kufungua kurasa akilitafuta jina la mumewe. Alitafuta mbele, akarudi nyuma. Ripoti aliona aibu kumwambia kwamba ripoti za ajali haziandiki majina. Akafungua ukurasa wa tano, penye jedwali dogo: wafanyakazi, abiria, waliojeruhiwa, waliofariki. Akaweka kidole juu ya tarakimu moja.

"Ni huyu hapa."

Mdogo wake alikiangalia kile kidole, chenye weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni. Akamwambia akiondoe.