Mtu wa Mbele

Kaka yangu ni koplo, anaongoza askari saba, na mimi, kwa bahati yangu, ni mmoja wao. Mama aliposikia tumepangwa pamoja alimwambia, "Mtunze mdogo wako." Basi kaka akanitunza kama yai. Kila tukitoka, skauti mbele akichungulia njia, mwenye bombomu, ile bunduki ya rashasha, ubavuni, mimi mkiani kabisa. Mimi, ninayemwona ndege kabla ndege hajajiona! Nilitaka kuwa skauti kuliko kitu chochote. Kila nikiomba, jibu ni "Subiri." Subira huvuta heri, wanasema, yangu ilivuta hasira tu.

Siku ya mazoezi ya kuvuka bonde, njia ilikuwa nyembamba, tukapita mmoja mmoja, tumeachana nafasi. Kaka hakuacha kugeuza shingo kunitazama. Akigeuka anapunguza mwendo, akipunguza mwendo walio nyuma wanamfikia, mpaka tukashikana kama chane la ndizi. Sajenti aliyekuwa mwamuzi akapuliza filimbi.

"Bomu moja tu. Wote mmekufa. Laleni."

Tukalala, marehemu wanane, majani yanatuwasha.

"Marehemu mwenzangu," alinung'unika mwenye bombomu, "nitolee kiatu usoni."

Nikajikokota hadi kwa kaka. Nilikuwa nimechoka kunyamaza.

"Kaka, hatari iko mbele, shingo yako iko nyuma. Kama lazima unione, niweke mbele."

Alicheza na jani.

"Nimekuua kwa kukutunza," alisema.

Duru ya pili akaniweka mbele. Skauti wa zamani akaenda mkiani, anamshukuru Mungu. Bonde lilipopanuka tukajipanga kama ncha ya mkuki: mimi kwenye ncha, wenzangu wametawanyika nyuma yangu kulia na kushoto. Karibu na kichaka niliona majani yamelala upande, na upepo hakuna. Nikainua ngumi, ishara ya hatari. Nyuma yangu haikusikika hata hatua moja; wote walikuwa wameshalala chini, kaka akiwa wa kwanza. Askari waliopangwa kutuvizia wakatoka kichakani wamenuna, mavumbi mpaka puani.

Sajenti akamwendea kaka. "Yule wa mbele ni mdogo wako, eti?"

"Ni skauti wangu, afande," alijibu kaka.

Nikainama kutazama viatu vyangu, maana nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.