Sahihi ya Fresia

...na huyu binti Javiera ananiambia mara ya pili, Don Nolberto, nahitaji jibu moja tu, sahihi hii ni yako au si yako, ameigeuza karatasi inielekee, na mimi natazama sakafu ya benki yao kwa sababu ndiyo kazi yangu, miaka thelathini na mbili naweka vigae hapa Curicó, aliyeweka hivi alikuwa na haraka zake, kimoja pale mlangoni kimeinuka pembe, ipo siku mtu atajikwaa... Baba, jibu basi, anasema Yasna, unamkawiza dada wa watu, na ananigusa kiwiko vile vile marehemu mama yake alivyonigusa kanisani nikianza kusinzia. Si yangu. Ya nini kudanganyana, mimi naandika jina langu kama mtu anayekwaruza saruji, na hii ina S yenye mkia, S ya Sepúlveda, mkia unapita chini ya jina zima kisha unajikunja, na mkia huo naujua, lo, naujua, ulikuwa kwenye kila chupa ya jamu ya pichi jikoni kwetu. Fresia. Miaka mitatu yuko kaburini mke wangu, leo ananitokea benki kwenye fomu ya mkopo wa pesa taslimu wa duka la samani. Haiwezekani, nasema, mke wangu hakuwahi kuokota hata limau la jirani lililodondokea upande wetu, na sauti inanitoka kubwa, mlinzi anageuka, mwache ageuke. Javiera anashusha yake, ana huruma huyu mtoto, anasema Don Nolberto, haya hutokea, mke anapewa fomu akamsainishe mume nyumbani, inarudi imesainiwa, nani aulize, na mkopo ulikuwa kwa jina lako, kwa hiyo haukufa naye, alipofariki malipo yakasimama, barua wakapeleka anwani ya zamani, na wewe uko kwenye orodha ya wasiolipa tangu hapo, na aliye kwenye orodha benki haimkopeshi. Nikilipa leo? Ukilipa leo jina litachukua miezi kusafika, na cheti chako cha ruzuku ya nyumba kinakufa tarehe thelathini, bila mkopo wetu wa kujazia ruzuku, nyumba inakwenda kwa anayefuata. Lakini ukiikana sahihi, ukaijaza fomu hii ukaipeleka polisi, wiki moja tu unatoka kwenye orodha, marehemu hashtakiwi, ni karatasi tu. Karatasi tu! Niandike mama wa mwanangu ni mwizi, halafu ni karatasi tu.

Sema si yako, baba, kwani uongo, anasema Yasna, na najua anaona nini, anaona kile chumba cha pili cha nyumba mpya, alikipima kwa hatua zake mbele ya fundi mkuu bila haya, kitanda cha Maite hapa, dirisha pale, Maite mjukuu wangu ana miaka saba na hajawahi kulala kitandani peke yake, analala kati ya mama yake na ukuta kwenye kibanda cha nyuma kwa dada yangu, na mimi nyuma ya pazia nakoroma, asubuhi ananiigiza mpaka dada yangu anamwaga chai kwa kucheka. Lakini mimi sikani. Nitasema ni yangu, potelea mbali, mwanamume hamtupi mkewe kwenye taka ili apate jiko na bafu... Ilikuwa kiasi gani, nauliza, nivute muda tu, na Javiera anasoma kwa kidole, peso laki tisa na themanini elfu, Jumatatu tarehe kumi na tisa Juni, mwaka ule alipougua Fresia. Ngoja. Rudia. Laki tisa na themanini elfu. Hapana, hapana, hiyo naijua, hiyo nimeitaja mpaka kwenye misa ya mazishi, nimesimama mbele ya jeneza nikasema watu wa mtaa huu walituchangia laki tisa na themanini elfu kwa siku moja, Mungu awape maisha marefu... tarehe kumi na tisa, na mchango wetu wa matibabu yake ulikuwa Jumamosi, tarehe kumi na saba, ukumbi wa mtaa, mikate mia tatu ya kompleto, ile ya kutiwa soseji na parachichi, soseji zinachemka toka saa nne, parachichi limesagwa linaanza kuwa jeusi, Fresia kajifunga kitambaa kichwani kaketi mlangoni na kopo la biskuti la kuwekea pesa, na mvua, ile mvua yetu isiyo na adabu, inapiga bati hatusikilizani. Walikuja watu kumi na tisa. Niliwahesabu. Don Eleodoro na wenzake wote wa depo ya mabasi, niliowawekea vigae vya bafuni kwa bei ya kirafiki, hata mguu wao sikuuona, na mimi na mdomo wangu huu, mbele ya mgonjwa, nikasema ukifa wewe nauza kila kitu nahama, sitaki kuona sura ya mbwa yeyote wa mtaa huu, nikaondoka nikamwacha na Yasna wanafunga mikate kwenye mifuko.

Jumatatu jioni natoka kazini, bahasha iko mezani imelaliwa na kikombe. Umeona, mzee, ananiambia Fresia, unatukana watu bure, amepita Don Eleodoro na wenzake, wamechangishana, mvua ndiyo iliyowazuia, lakini chondechonde usiwashukuru, wameona haya kwa kuchelewa, wameomba lisitajwe. Nikalia, mimi. Akanipapasa kichwa kama mtoto, kumbe ametoka kukopa dukani siku hiyo hiyo, na mwili ule, ametembea na ile mishipa ya miguu inayomuuma... Yasna, ulijua? Anatazama mkoba wake. Nilijua hakuna aliyepita, baba, pesa zilikotoka sikujua, aliniambia nikifungua mdomo atanichapa, mgonjwa vile vile. Hakuna aliyepita. Hakuna. Pesa zikalipia vipimo vya hospitali ya Talca, vipimo vikasema tulichokuwa tunakijua, na Fresia akafa kabla ya Pasaka, na mazishini nilimkumbatia Eleodoro nusura nimvunje mbavu, akashangaa, macho yamemtoka, nami nikadhani ni unyenyekevu wake. Masikini. Hakujua nimemkumbatia kwa nini. Lakini Jumapili iliyofuata akaja na sufuria ya maharage, na iliyofuata tena, majira yale ya baridi nisiyokumbuka hata nilivyoyapita, akawa anakaa nami tunatazama mpira, nikamtengenezea sakafu ya jiko nikakataa malipo, leo ndiye rafiki niliye naye, na kama ningebaki na ile Jumamosi moyoni nisingemfungulia mlango, ningekuwa wapi leo, ningekuwa nimekufa na hasira zangu chumbani. Ulijua unakufa, we Fresia. Hukukopa kwa ajili ya vipimo. Uliniona nilivyosimama pale ukumbini nikiwalaani watu, ukaona hawa ndio nitakaomwacha nao, huyu mjinga, atakuja kula na nani?

Hapa, Don Nolberto, anasema Javiera, eleza kwa maneno yako mwenyewe, na kuna mistari mitatu tu. Mke wangu alighushi sahihi yangu bila mimi kujua. Ndivyo itakavyoandikwa, na ni kweli neno kwa neno, hakuna uongo hata chembe, na hakuna mstari wa kuandika kwa nini. Nilikuwa nakataa kwa ajili ya heshima yako, nikadhani, kumbe ni hii heshima yangu, ile ile uliyoikopea mpaka ukaingia nayo kaburini, na leo naitaka tena, Maite aendelee kulala ukutani ili mimi nionekane mwanamume. Ungenicheka. Ungesema andika, mzee, andika mwizi, mimi huku hainipunguzii kitu. Basi nitaandika. Nitaandika, mke wangu, mwizi wangu, nisamehe, nimekuelewa na umekwenda, nakushukuru na sina pa kukupelekea. Baba, anasema Yasna, sasa polepole, na mkono wake uko kwenye goti langu. Hapa chini tu, anasema Javiera, na mimi napaona, naona vizuri kabisa, kalamu ninayo, ni mkono ndio haujashuka.