Haja ya Bibi Katika Kikao cha Mafundi

Mwenyekiti wetu alipopata kile kijitabu cha kuendesha mikutano, raha ilituishia. Zamani sisi mafundi cherehani tulipayuka wote kwa pamoja, anayechoka ananyamaza, tunaelewana. Sasa husemi mpaka unyooshe mkono, na hoja haijadiliwi mpaka mwingine aiunge mkono. Tukambatiza Bwana Kanuni.

Siku hiyo hoja ilikuwa ya fundi sare, yule anayeshonea shule. Aliitaka kona ya dirishani aweke mashine ya kudarizi. Kona hiyo anaitumia mpiga pasi wetu, mama mmoja mpole. Pasi yake ni ya mkaa. Bila dirisha hawezi kufanya kazi, na kwingine hana pa kwenda. Kwa kuwa si mwanachama, alikaa nje mlangoni akikunja mashati, masikio yote yako ndani.

Fundi anayekaa jirani na fundi sare akaiunga mkono hoja hiyo. Nikahesabu vichwa: wao watano, sisi watatu. Yule mama kwisha habari yake. Na mimi kibofu kilikuwa kimejaa pomoni. Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, nina haja."

"Hoja moja kwa wakati mmoja, bibi. Tumalize kwanza hii."

"Haja, mwanangu. Hoja sina."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Bwana Kanuni hakucheka. Alifunua kijitabu, jasho likimtoka.

"Bibi, huwezi kutoka. Wanachama tuko kumi na watano, akidi ni wanane, na humu tuko wanane kamili. Ukitoka, kikao hakina uwezo wa kuamua kitu."

"Jikaze, bibi," fundi sare akanibembeleza. "Kura ni dakika mbili tu."

"Kwani nikiondoka mimi, hamwezi kuamua lolote?"

"Lolote."

Nikachukua mkongojo wangu taratibu, nikaenda chooni, nikafunga komeo.

Haja yenyewe iliisha upesi. Nilibaki nimekaa, nikisikiliza maji yakidondoka. Baada ya muda Bwana Kanuni akabisha.

"Bibi, umemaliza?"

"Kijitabu kinasemaje kuhusu kumharakisha mjumbe aliye chooni?"

Nikasikia kurasa zikifunuliwa. Alitafuta kweli, maskini.

"Hakisemi kitu, bibi."

"Basi tusivunje utaratibu."

Kikao kikaahirishwa hadi wiki iliyofuata. Wiki hiyo niliwatembelea wanachama saba ambao hawakuhudhuria, mmoja mmoja. Sikumpigia mtu kampeni. Nilikwenda kusalimia, na katika kusalimia nikawakumbusha nani huwanyooshea kola wakati mteja keshafika anafoka. Mmoja alilia, lakini huyo hulia hata sindano ikikatika.

Wiki iliyofuata tulikuja wote kumi na watano, tumebanana, wengine wamesimama. Kura zikahesabiwa: watano waliunga mkono, kumi walikataa. Mpiga pasi akaitwa ndani aambiwe kwamba kona inabaki kwake. Aliingia, akatazama huku na huku, hakuona pa kukaa.

Fundi sare, pamoja na kushindwa kwake, akainuka, akapangusa kiti chake kwa kiganja.

"Kaa, mama."

Bwana Kanuni akanyoosha kidole. "Kumpa kiti asiye mwanachama inabidi kwanza iletwe ho..."

"Nyamaza!" tukamwambia, wote kumi na wanne kwa pamoja, bila mtu kunyoosha mkono.