Mkasi Mezani

Mama mwenye karakana yetu ya ushonaji alitupeleka mafundi wake wote kula nyama ya kuchoma kwenye hoteli mpya ya mkwe wake. Njiani alituonya kwamba atakayemwaibisha mbele ya mkwe atafute cherehani kwingine.

Tulisubiri mpaka matumbo yakaanza kujibizana. Sahani zilipofika, nyama ilikuwa nene, nyeusi pembeni, na kisu kiliteleza juu yake kama juu ya kigae. Fundi wa suruali aliikandamiza kwa uma, ikaruka na kutua mapajani mwa mama.

"Tamu kweli," mama akasema, ingawa kipande chake cha kwanza alikuwa bado anakitafuna.

Mimi nilikuwa na njaa. Nikatoa mkasi wangu wa vitambaa mkobani, nikaufuta vizuri, nikaikata nyama vipande vidogo vidogo.

"Dada, usiwe mchoyo, nipe na mimi," fundi wa suruali akanong'ona.

Mzee wa meza ya jirani akageuka. "Mkimaliza, mtuazime."

Mkwe alipotoka jikoni, aliukuta mkasi ukizunguka ukumbi mzima, meza kwa meza. Uso ukamshuka.

"Mwombe mkwe wangu radhi," mama akaniambia kwa sauti ya chini, "la sivyo kesho usije kazini."

"Mama, mkasi huu umekata jinzi na maturubai bila kulalamika, leo nyama imeufanya butu. Mkwe wako ndiye wa kuuomba mkasi radhi. Mimi siombi."