Mipira Mia Mbili ya Jemutai

Nianze na ukweli ambao nimeuficha miaka miwili: mimi sijui kurusha mpira. Mimi Mungai, mwalimu wa hesabu na kocha wa softboli katika shule moja ya wasichana upande wa Yamumbi, hapa Eldoret, nikirusha mpira unaingia kwenye mahindi ya jirani. Siku ya kwanza nilipojaribu kuwarushia wasichana wangu ili wafanye mazoezi ya kupiga, mmoja alicheka mpaka akaketi chini. Sikurudia tena. Jioni hiyo hiyo kazi nikampa Jemutai.

Jemutai ndiye alikuwa mrushaji wetu, na katika kaunti hii sijaona wa kumfikia. Katika softboli mrushaji huuzungusha mkono mzima kama gurudumu, halafu anauachilia mpira karibu na nyonga. Wa Jemutai ulitoka hapo bila kelele, na aliyeshika gongo aliusikia tu ukigonga glavu ya mdakaji nyuma yake. Chuo kimoja cha ualimu kilikuwa kimeahidi kumchukua achezee timu yao, ila walitaka kwanza kumwona akirusha kwenye mashindano ya kaunti. Kwao, huko kijijini Ziwa, hakuna aliyewahi kusoma kupita kidato cha nne. Nafasi hiyo ilikuwa ndiyo njia yake ya pekee, na mimi nilijua.

Kila jioni aliwarushia wenzake mipira mia mbili. Wao walipiga kwa zamu, wakapumzika, wakanywa maji, wakarudi. Yeye hakuwa na zamu. Nilijiambia kwamba kurusha kwa chini hakuumizi mtu, kwani hata mama akiwatupia kuku mahindi anarusha hivyo hivyo. Ndivyo nilivyokuwa nikifikiri, mtu mzima mwenye digrii.

Mwalimu Janice, ambaye alicheza mchezo huo alipokuwa chuoni, alinifuata ofisini akaniambia mrushaji hamaliziwi mkono na watu wa timu yake. Kocha ndiye hurusha, au wachezaji wanapokezana. Badala ya kukiri kwamba naogopa kuchekwa, nilimpa falsafa. Nilimwambia hapa Eldoret hakuna anayefanya mazoezi peke yake. Atoke barabarani asubuhi aone lile kundi la wakimbiaji, mwenye nguvu yuko mbele anakata upepo, wanyonge wanavutwa nyuma yake. Jemutai anawavuta wenzake, nikasema, nikaegemea kiti kama mtu aliyeshinda kesi.

Janice alinitazama kidogo.

“Lakini Mwalimu,” akasema, “yule wa kuvuta hutoka barabarani kabla ya mwisho. Wewe unataka huyu msichana avute, na bado ashinde.”

Nilimwambia anisaidie kwa kuendelea na kazi yake.

Muhula wa pili Jemutai alianza kubeba begi kwa bega la kushoto. Niliona. Kwenye foleni ya chakula alishika sahani kwa kushoto, na hilo pia niliona. Halafu daftari lake la hesabu likaja na namba zimelala, zimetambaa nje ya mistari, kama za mtoto wa chekechea. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika: “Andika vizuri. Uvivu.” Daftari hilo ninalo hadi leo. Sijui kwa nini nimeliweka, labda kwa sababu hakuna mwingine wa kuniadhibu.

Siku ya mashindano, wageni wawili kutoka kile chuo walikaa chini ya mwavuli karibu na mstari. Awamu mbili za kwanza Jemutai alirusha vizuri, nikawa natabasamu ovyo. Awamu ya tatu mpira ulianguka katikati ya njia, ukabingirika polepole mpaka miguuni mwa mpigaji. Akarusha mwingine, ukafanya vile vile. Akageuka kunitazama. Hakushika bega, hakulia, alinitazama tu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka darasani.

Nikainua mkono nikamwonyesha aendelee.

Mpira wa tatu haukuondoka mkononi. Yeye ndiye aliyeanguka.

Msichana mwingine alimalizia kurusha, tukashinda kumi na nne kwa tisa. Walipiga siku hiyo kuliko siku zote. Wangekosaje kupiga, na kwa miaka miwili walikuwa wanajifunza kwa mkono bora kabisa kaunti nzima? Walicheza na kuimba kuzunguka uwanja. Wageni wa chuo walikuwa wameondoka zamani.

Daktari alisema bega lilichanika kitambo na mishipa ya fahamu imeharibika. Alimuuliza Jemutai maumivu yalianza lini, naye akasema Februari. Mbona hakusema? Akajibu kwamba wenzake wangekosa mtu wa kuwarushia.

Hiyo ilikuwa Julai, na Jemutai hakurudi shule tena. Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda kwao Ziwa. Wanasema majuto ni mjukuu, basi wangu alizaliwa mapema na amehamia nyumbani kwangu kabisa. Nilimkuta Jemutai zizini, kichwa amekiegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe, anakamua kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mapajani. Maziwa yalitoka mkondo mmoja mwembamba, unakatika, unarudi.

Mama yake alinipa chai, na hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema tu, akitazama zizi, “Hiyo mkono ya kulia, Mwalimu, ilikuwa inamaliza ng'ombe nne kabla jua itoke. Sasa hata kikombe haishiki.” Nilikunywa chai yote kwa sababu sikujua la kufanya na mdomo wangu.

Jemutai alinisindikiza mpaka langoni. Aliuliza habari za kila mmoja kwa jina, kisha akauliza nani anawarushia sasa. Nikamwambia ukweli: hakuna. Nilijaribu mimi mwenyewe, mipira ikaingia kwenye mahindi, wasichana hawakucheka, na wiki hiyo hiyo wakaacha kuja uwanjani.

Akafikiri, akiusugua ule mkono uliokufa ganzi.

“Mwalimu,” akasema, “hii ya kushoto bado iko sawa. Kama hawana mtu, naweza jifunza kurusha nayo. Jumamosi nitakuwa nakuja.”

Nilipaswa kukataa papo hapo. Nilipaswa kupiga magoti pale kwenye matope. Lakini nilimtazama mkono wa kushoto, urefu wake, jinsi kiganja kilivyokuwa kipana na kigumu kwa kukamua, na Mungu anisamehe, nilianza kuhesabu ungeweza kurusha mipira mingapi kwa jioni moja.