Malai ya Hob

Tangu alfajiri Tamar, mtumishi wa shamba, alikuwa akisukasuka maziwa, na siagi haikutaka kuja. Mti wa kusukia ulipanda na kushuka ndani ya pipa kwa sauti ile ile nyepesi, chwa, chwa, sauti ya maji. Siagi ikikaribia, mti huwa mzito, na mkono hujua kabla ya jicho. Mkono wa Tamar haukujua kitu ila maumivu. Hii ilikuwa siku ya tatu.

"Pisha," alisema Bi Garbutt, mwenye shamba. Alikuja na chuma chekundu kutoka mekoni, akakichovya ndani ya pipa ili kuvunja uchawi. Maziwa yalifoka, yakanuka kuungua, yakatulia. Tamar akasuka tena. Chwa, chwa.

"Basi ni kweli," alisema Bi Garbutt. "Hob ametuhama."

Kila nyumba katika vilima vile vya Yorkshire ilikuwa na Hob wake, kibwengo mfupi mwenye manyoya anayefanya kazi watu wakiwa wamelala, na ujira wake ni bakuli la malai kando ya meko. Ukimuudhi, huficha funguo na kumwaga maziwa. Ukimpa nguo, huondoka asirudi. Hilo hata mtoto alilijua. Wiki iliyopita Bibi Hester, mama mkwe wa Bi Garbutt, alishona kijishati cha sufu akakiweka karibu na bakuli. Tangu siku hiyo malai hayakuguswa.

"Nilimsikia anakohoa," alisema Bibi Hester. Alikuwa ameketi juu ya kasha lake la nguo, kofia kichwani tayari. "Kikohozi cha kifua kabisa. Wewe ungemwacha?"

"Ningemwacha! Miaka themanini, Mama, na hujui Hob havishwi? Umerudi utotoni?"

"Utotoni nilikuwa sijui kushona."

"Haya, tania. Huko kwenye nyumba ya mafukara tunakokupeleka leo utawashonea wote mpaka uchoke. Mwanao anafunga farasi sasa hivi."

Vidole vya Bibi Hester vilianza kuvuta uzi wa shali, vikauvuta, vikauvuta.

Tamar aliinamia pipa. Masikio yalimwaka. Nje, magurudumu ya mkokoteni yalisaga mawe ya uani yakisogea mlangoni, naye aliendelea kusuka kitu alichojua vizuri kwamba hakitaganda leo wala kesho. Angeweza kunyamaza. Kibibi kingeondoka, yeye angebaki na kitanda chake cha darini, na hakuna ambaye angejua. Aliona aibu kwamba amelifikiria hilo. Aliona aibu zaidi kwamba amelifikiria kwa siku tatu.

Akauachia mti.

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Malai nilikuwa nakunywa mimi. Kila alfajiri, nimejibanza nyuma ya meko. Kikohozi ni changu. Nilipoliona lile shati nikadhani nimeonwa, nikaliogopa bakuli. Nikawa nachota kwenye chungu cha malai ya kusukwa, nafidia kwa maziwa yaliyokwisha enguliwa." "Hamna malai humo, Bi mkubwa. Siagi itatoka wapi?"

Tamar alingoja matusi ya kikongwe, akayatamani kabisa, maana yangempunguzia mzigo.

"Kumbe ni wewe, mwanangu," Bibi Hester alisema polepole. "Ningejua, ningelishona kubwa."

Hapo Tamar alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipiga magoti mbele ya kasha, akashindwa kuinua uso juu ya yale magoti membamba ya kikongwe. "Nisamehe, bibi. Ningekuacha uende. Siku tatu nzima ningekuacha uende."

"Na mimi je?" Bi Garbutt alikuwa bado ameshika kile chuma, sasa kimepoa, cheusi. "Miaka miwili unakula nyumbani kwangu, unaniibia juu yake! Geuka huku uniombe radhi, nikufikirie kama utalala hapa leo."

Tamar aligeuka bila kuinuka. Uso ulikuwa umelowa.

"Sakafu mliyoamka mkaikuta imefagiwa, nani aliifagia? Ng'ombe waliokamuliwa kabla hamjaamka? Mlikuwa mnamshukuru Hob mezani, mimi nimesimama pale pale na uji wa maji mkononi."

"Nimesema omba radhi."

"Kwa bibi nimeomba, na nitaomba tena. Kwa malai, hapana. Siombi."